Tando Nne za Mabegani

Nilizibadilisha mimi. Nalisema mapema, ili asiwepo mtu wa kufika katikati ya habari hii akaanza kunionea huruma.

Shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ndiye aliyenifundisha kufuma kwa kroshia, kile kijiti cha chuma chenye ndoano nchani. Nilikuwa nimemaliza shule, sina kazi, nashinda katika chumba chake cha kazi nikihesabu wapita njia. Siku moja alinirushia donge la uzi kifuani.

"Macho yako yamefanya kazi ya kutosha," alisema. "Ipe na mikono."

Baada ya miaka mitano nilikuwa nafuma haraka kuliko yeyote kati ya wale wanawake sita waliokuja kujifunza kwake kila Alhamisi mchana, na nilihakikisha wanalijua hilo. Vijana wenzangu walinicheka. Nilikuwa na jibu la kila mmoja wao, na yule aliyerudia mara mbili nilimjibu kwa ngumi.

Chumba chenyewe kilikuwa na mlango mpana ulioangalia barabara, meza ndefu, rafu za nyuzi zilizopangwa kuanzia nyeupe hadi nyeusi, na upande wa dirishani cherehani ya jirani yetu wa siku nyingi. Tulimwita Vifungo, kwa sababu kila wakati alikuwa na viwili vitatu mdomoni, na havikuwahi kumzuia kusema.

Mwalimu Mkuu alikuja asubuhi moja ya mvua, akaegemeza mwavuli mlangoni. Alikuwa amenifundisha hesabu. Alikuwa amefundisha hesabu nusu ya mtaa. Mwezi uliofuata alikuwa anastaafu.

"Shikamoo, Mwalimu," nilisema, na nikajikuta nimesimama wima kama niko darasani.

"Marahaba. Kaa, hakuna mtihani." Akamgeukia Shangazi. "Mama, nimekuja na wazimu wangu. Nataka vazi la utando wa buibui."

Shangazi akavua miwani. "Buibui la kuvaa nalijua. Huyu wa kutega nzi, ndiyo kwanza nasikia mtu anataka kuvaa nyumba yake."

Vifungo alicheka hadi kifungo kikamtoka mdomoni, kikabingirika chini ya meza.

"Nimefundisha pembe miaka thelathini na moja," alisema Mwalimu. "Nachora duara, naligawa mara nane, nafuta. Kesho nachora tena, nafuta. Siku ya kuaga nataka nivae kitu ambacho hakuna wa kukifuta."

Akatoa karatasi ya miraba. Alikuwa amezichora tando zote, kila moja na pande nane, zimepangwa bega kwa bega. Kila mahali zilipokutana nne, katikati yake palibaki mraba mdogo mtupu.

"Haka kamraba msikazibe," alisema. "Hako ndiko ninakokapenda."

Lilikuwa koti jepesi, refu, wazi mbele, la kuvaliwa juu ya gauni la bluu. Uzi wa pamba, rangi ya majivu, ule unaong'aa. Shangazi alipitisha kidole juu ya karatasi akahesabu tando thelathini na sita. Mwalimu alipoondoka, akaniambia, "Kumi na nane zangu, kumi na nane zako."

"Nipe ishirini na nne. Zako zitachelewesha kazi."

"Msikie huyu! Kifaranga anamwambia mama yake apishe njia."

"Mpe, dada," alisema Vifungo, ambaye aliniita kwa jina la mshono wa kwanza wa kroshia. "Bwana Mnyororo ana moto leo, ataunguza meza."

"Kumi na nane," alisema Shangazi. "Na zote zianze kwa namna moja. Namna yangu."

Hiyo namna yake ndiyo habari yenyewe, kwa hiyo niieleze. Utando huanzia katikati. Shangazi alifuma mnyororo wa vitanzi sita, akaunganisha mwanzo na mwisho ukawa pete, kisha akaijaza pete hiyo mafundo, huku ameulaza mkia wa uzi ndani yake ili ubanwe. Kutoka hapo ziliota njiti nane, kama za gurudumu la baiskeli, na mizunguko mitano ya kuziunganisha. Alipomaliza, alichukua sindano ya kawaida, akaurudisha ule mkia ndani ya kazi mara tatu, kwenda, kurudi, kwenda tena, ndipo akaukata. Hivyo kwa kila utando. Ilichosha kuliko ufumaji wenyewe.

Mimi nilikuwa nimejifunza njia nyingine: unazungushia uzi kidoleni, unafumia juu yake, unauvuta, na katikati panajifunga kama mdomo wa mfuko wa kamba. Ni njia nzuri, sina ugomvi nayo. Ila mkia wake ndio unaoshikilia kila kitu. Usipourudisha kwa sindano, tena mara nyingi, na uzi wenyewe ni wa pamba inayoteleza, umefunga mlango bila komeo. Nilijua hilo. Ningeweza kumfundisha mtu.

Lakini jioni ya siku ya tatu niliangalia fungu langu nikakuta tando saba. La Shangazi lilikuwa na nane. Alikuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, amefuma tu, macho yake barabarani, kidole gumba chake kikitembea chenyewe. Mimi ndiye niliyekuwa nimeahidi mbio.

"Moja tu," alisema, bila kunitazama. "Usilie."

Zile kumi na moja zilizobaki nilizifuma kwa kuzungushia kidoleni. Sikuvuta mpaka mwisho, nikaacha katundu kadogo katikati ili zifanane na zake. Mikia niliishika mishono miwili, nikaikata kwa mkasi. Nilimaliza siku moja na nusu kabla yake, nikaziweka mezani kwa kishindo, kama mtu anayecheza karata.

"Mikia umeirudisha?" aliuliza.

"Nimeirudisha."

Aliniamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini. Mpaka siku hiyo sikuwahi kumpa.

Siku ya kuunganisha, Shangazi alizigawa tando mezani mafungu mawili. "Za mabegani ndizo zinazobeba uzito wa koti zima," alisema. "Hizo nne nitaweka zangu. Zako zishuke chini, huku kwenye pindo."

Hakulisema kwa ubaya. Alilisema kama anavyosema chumvi ikae karibu na jiko. Lakini mimi nilisikia kitu kingine. Nilisikia kwamba kazi yangu ni ya kufagia sakafu, na kwamba siku ya kuaga watu watatazama mabega, na mabega yatakuwa ya mwingine. Alipotoka kwenda kununua utepe wa shingoni, na Vifungo amelalia cherehani yake kwa joto la mchana, nilichukua zake nne nikaziteremsha pindoni. Nikapandisha zangu nne. Nilichagua zile zilizolala vizuri zaidi, nazo zilikuwa zile za mwisho mwisho.

Aliporudi nilikuwa nimeshaunganisha mabega yote mawili.

"Umeshafika huko?"

"Ulidhani nakusubiri?"

Akaipitisha mikono juu ya mabega ya koti, polepole, kama anambembeleza mtoto. "Tazama zilivyotulia," alisema. "Mikono ya kizee bado inasema kitu."

Nilibana kicheko mpaka mbavu zikauma. Hicho kicheko nimekikumbuka mara nyingi kuliko uongo wote nilioutamka.

Sherehe ilikuwa Jumamosi, uwanja wa shule, viti vya plastiki chini ya turubai. Shangazi na mimi tulikaa safu ya pili. Mwalimu alipotokea watu walisimama. Koti lilikuwa limemkaa kama moshi, na kivuli chake kilidondosha pembe nane nane juu ya gauni la bluu. Nilimpiga kiwiko mzee mmoja nisiyemjua aliyekaa pembeni yangu.

"Kazi yangu ile," nikamwambia.

Shangazi alisikia. Akatabasamu, akaniachia.

Hotuba ilikuwa nzuri na haikuwa ndefu. Karibu na mwisho, watoto wa madarasa ya chini, waliokuwa wamesimama nyuma, wakaanza kumpungia. Mwalimu akainua mkono wa kulia juu kabisa, awafikie wote.

Niliona kabla ya yeyote, kwa sababu nilikuwa natazama hapo tu. Kale katundu ka katikati kakafumbuka kama jicho la mtu aliyeamshwa. Akapunga tena. Uzi ukateleza, njiti zikaachia moja, mbili, tatu, na mahali pa utando pakawa na shimo la kupitisha ngumi. Uzito wote ukahamia ule wa nyuma yake, nao ukafumbuka. Koti likamteremka bega hadi kwenye kiwiko.

Watoto wakacheka. Hawakucheka kwa ubaya, watoto hucheka kitu kikianguka. Mwalimu akalikusanya koti kifuani kwa mkono mmoja, kama mtu aliyetoka kuoga akaitwa mlangoni, na hivyo ndivyo alivyomalizia maneno ya mwisho ya miaka thelathini na moja.

Nikamgeukia Shangazi. Hakuwa anamtazama Mwalimu. Alikuwa ameitoa mikono yake mapajani na kuiweka mbele ya uso, anaitazama, viganja kwanza, kisha migongo.

Jumatatu Mwalimu alilileta koti ndani ya mfuko. Hakuwa na hasira. Ningependa angekuwa nayo.

"Nisingekuja kabisa, Mama," alisema. "Ila naona vibaya kulifungia kabatini likiwa hivi."

Shangazi akalitandaza mezani. Akaingiza vidole katika lile shimo.

"Mabega yalikuwa yangu," alisema. "Nisamehe, Mwalimu. Ni mikono. Asubuhi huwa inakufa ganzi kidogo, nami nikajifanya sioni."

"Usiseme hivyo, Mama. Ni uzi tu."

"Nasema lilivyo. Na kijana hana kosa. Tazama huku chini, zake zote zimeshika, hata moja haikufunguka."

Kule chini alikokuwa anaonyesha kwa kidole, ndiko kulikokuwa na zake nne. Zilikuwa zimelala pale, mikia imerudishwa mara tatu, hakuna aliyezitambua. Zangu zilizokuwa kando yake zilishika kwa sababu hazikubeba kitu.

Cherehani ya Vifungo ilikuwa imenyamaza. Mdomo wangu ulikuwa wazi. Nikajiambia, Mwalimu akishatoka. Mwalimu akatoka. Nikajiambia, Vifungo akienda kula. Vifungo akaenda kula. Nikajiambia, kesho.

Kesho yake nilimkuta na beseni la maji ya moto yenye chumvi, mikono imezama hadi vifundoni.

"Jirani kaniambia inasaidia," alisema. "Hebu nivulie miwani, imeingia mvuke."

Nikamvulia miwani. Hilo ndilo nililolifanya.

Kila kazi mpya iliyoingia alinisukumia mimi. "Hii fanya wewe. Mimi nisije nikamvua mtu nguo tena." Alisema kwa mzaha, na Vifungo alijaribu kucheka. Nilifuma kuliko wakati wowote maishani mwangu, na mikia niliirudisha mara tano, mara sita, mpaka katikati ya kazi pakawa pagumu kama kisigino. Koti la Mwalimu nililifumua mahali palipokuwa na tando zangu mbovu, zote kumi na moja, nikazifuma upya kwa mnyororo wa vitanzi sita. Shangazi aliona nafumua hata zisizofunguka.

"Hizo si nzima?" aliuliza.

"Nataka uhakika."

"Umeona, Vifungo?" alisema. "Mimi nimeharibu mbili, yeye anajitesa kwa kumi na moja. Huyo ndiye fundi."

Alhamisi ya kwanza alikaa kwenye kiti chake, mikono imejificha makwapani. Yule mwanafunzi tuliyemwita Mama Maswali akamuuliza, "Shangazi, leo umekuja kama mgeni rasmi?"

"Leo anawafundisha yeye. Mimi nasikiliza."

"Huyu atatuua kwa majivuno!"

"Mvumilieni. Ana haki ya kujivuna."

Nilifundisha. Sikumbuki nilisema nini.

Alhamisi ya pili aliwakusanya akawaambia anaacha. Mwanawe mkubwa, anayeishi mji mwingine, alikuwa anamwita siku nyingi akakae naye, na sasa amemkubalia. Mwisho wa mwezi ataondoka. Chumba ataniachia mimi. Akapita kwenye rafu na kumpa kila mmoja madonge mawili ya uzi, anawachagulia rangi. Wawili wakalia. Kisha akanishika mkono mbele yao akaniwekea kiganjani kroshia yake mwenyewe, iliyolika mahali pa kidole gumba pakawa kama kijiko.

"Mtu ajue kuondoka kabla hajaaibisha watu wengine," alisema. "Mimi nimemwaibisha mmoja, anatosha."

Wakapiga makofi. "Hotuba!" alipaza sauti Mama Maswali. "Hotuba, fundi mpya!"

Mimi ambaye sijawahi kukosa neno, nilisimama nimeshika kile kijiti. Macho yangu yalikuwa mlangoni.

"Heee," alisema mmoja wao, "kumbe ana adabu!"

Asubuhi yake niliwahi kufika, nikafagia, nikaitoa kroshia ile mfukoni nikaiweka mezani. Shangazi alikuwa anapanga vitabu vyake vya mitindo katika sanduku la karatasi. Vifungo alikuwa anakunja suruali ya mtu.

"Shangazi, zile za mabegani zilikuwa zangu."

"Zipi?"

"Zote nne. Ulipokwenda kununua utepe, nilizibadilisha. Na sikufuma kwa mnyororo. Nilizungushia kidoleni. Mikia sikuirudisha, niliikata."

Aliendelea kupanga vitabu. Kimoja, cha pili, cha tatu. Nilisikia kifungo kikigonga meno ya Vifungo.

"Kwa nini ulizibadilisha?"

"Nilitaka zionekane."

"Zilionekana."

Akaweka kitabu kingine. Kisha akakitoa tena, akakaa, akakilaza mapajani.

"Leo siku ya ngapi tangu sherehe?"

"Ya kumi na tatu."

"Siku kumi na tatu," alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. "Nachemsha maji ya chumvi, nauguza mikono mizima. Na wewe unanivulia miwani."

Nilitaka apige kelele. Ugomvi naujua, najua pa kusimama na pa kuweka miguu. Pale sikujua.

"Nipige, Shangazi."

"Nikupige na mikono ipi?"

Vifungo akainuka, akaenda kusimama nje barabarani na suruali ya watu mkononi, kama mtu anayengoja gari.

"Koti la Mwalimu limekwisha?" aliuliza Shangazi.

"Limekwisha."

"Mpelekee leo. Umwambie ulivyoniambia. Alhamisi wale watakuja kuniaga. Nao utawaambia. Mimi sitakusaidia hata neno moja."

Mwalimu alinipokea barazani kwake. Nilimweleza nimesimama. Alisikiliza mpaka mwisho, kama alivyokuwa anamsikiliza mwanafunzi aliyekosea mstari wa kwanza, bila kumkatiza.

"Kwa hiyo jibu ulikuwa unalijua," alisema. "Ukaandika jingine."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Kwa ajili ya kumpita nani?"

"Shangazi."

"Yule yule aliyekufundisha."

"Ndiyo, Mwalimu."

Akalitoa koti kwenye mfuko, akalitandaza juu ya meza. Akaweka vidole gumba viwili katikati ya utando wa kwanza akauvuta kwa nguvu zake zote. Ukashika. Akaenda wa pili. Alizivuta zote thelathini na sita, moja moja, nami nimesimama. Zote zilishika. Hakuniambia, "Vizuri."

"Mwambie mama yangu yule nitalivaa," alisema. "Na wewe nenda."

Alhamisi nilisema mbele ya wote sita. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, maneno mazuri, nikayaacha mlangoni kwa sababu yalikuwa mazuri mno. Nikasema nilichofanya, kwa mpangilio wake.

Mama Maswali ndiye aliyeanza. "Na sisi tulipokuwa tunakupigia makofi, ulikuwa unafikiria nini?"

"Nilikuwa nafikiria mlango."

"Ulipaswa kuutumia!" alisema mwingine, na mmoja akacheka, kisha akaona hakuna mwenzake akanyamaza.

Mkubwa wao kwa umri akafungua mkoba wake, akatoa yale madonge mawili ya uzi, akaenda akayarudisha kwenye rafu mahali pake. "Shangazi, hatukuagi tena," alisema. Wengine nao wakafungua mikoba. Dakika chache baadaye rafu ilikuwa imejaa, na wote wanasema kwa pamoja, wanamkumbatia, wanamwambia ampigie simu mwanawe amwambie safari imekufa. Mama Maswali aliponipita akanifinya sikio kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Nawe unaanza upya. Mnyororo wa vitanzi sita. Nitakusahihisha mimi."

"Sawa, dada."

"Sawa, mwalimu, useme."

"Sawa, mwalimu."

Wakaondoka wamechangamka, sauti zao zinasikika hadi kona ya barabara: amerudi, amerudi. Shangazi hakuwa amesema kwamba amerudi.

Alikaa kidogo. Jua lilikuwa limeshika nusu ya meza. Akavuta uzi wa majivu uliobaki tulipomaliza koti, akachukua kroshia moja kutoka kwenye mtungi, ya kawaida tu, akafuma mnyororo wa vitanzi sita.

Nilijifanya napanga rafu. Nilikuwa namtazama mikono. Haikutetemeka. Naweza kuapa haikutetemeka hata mara moja. Ila yeye naye alikuwa anaitazama. Miaka mitano nimemwona akifuma huku anagombana na Vifungo, huku anamhesabia mteja vipimo, huku anaangalia mvua, na uzi unajipitia wenyewe kama maji. Sasa aliinama hadi miwani ikakaribia kugusa uzi. Alifunga fundo, akatuliza mkono, akalikagua. Midomo yake ilikuwa inahesabu.

Akamaliza pete. Akapandisha njiti. Akazunguka mara moja, mara mbili, mara tatu. Akaituliza kroshia.

"Hebu angalia," alisema.

Hakuwahi kuniambia hivyo. Hakuwahi kumwambia mtu yeyote hivyo. Nikauchukua utando ule ukiwa bado na kroshia ndani yake, nikauinua kwenye mwanga. Nikahesabu. Nikahesabu tena kutoka upande wa pili.

"Uko sawa, Shangazi."

"Umehesabu?"

"Mara mbili. Njiti nane, mizunguko mitatu. Pete imebana. Uko sawa kabisa."

Na ulikuwa sawa. Ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kufuma mimi.

Akaupokea. Hakuutazama. Alinitazama usoni, muda mrefu, bila chuki, kama mtu anayejaribu kusoma maandishi yaliyoloa.

"Dada, sasa hivi hakudanganyi," alisema Vifungo kutoka dirishani.

"Labda," alisema Shangazi.

Akachomoa kroshia, akashika uzi, akavuta. Mzunguko wa tatu ukaondoka, wa pili, wa kwanza, njiti moja baada ya nyingine, mpaka pete, mpaka mnyororo, mpaka mezani pakabaki uzi mtupu wenye mikunjo. Akaunyoosha kwa kidole, ameinama, akaanza tena kitanzi cha kwanza.